Wadau, kugawa maeneo ya mawakala kwa postikodi inafaa au naenda kuzua ugomvi mpya?

#1 MuuzaMaji
Habarini wadau. Niende moja kwa moja. Nina biashara ya maji ya kunywa, zile chupa kubwa za lita 20 za kwenye dispensa. Nilianza na frem moja, sasa hivi kuna watu watatu wanafanya kwa jina langu, mimi natoa mashine ya kuchuja, vifuniko vyenye nembo, mafunzo na jina, wao wanatoa frem, mtaji na vijana wa guta, kila mwezi wananipa asilimia ya mauzo. Ndo hii wanayoita franchaizi.

Nilipokosea ni kwenye mkataba. Maeneo niliyaandika kwa majina ya mtaani, mmoja nikamwandikia "Sinza yote", mwingine "Mwenge na jirani zake". Hayo maneno "jirani zake" yamenitesa mwaka mzima. Wiki iliyopita kijana wa Mwenge kashusha chupa nane kwenye ofisi moja, wa Sinza kaenda kupeleka maji yake kazikuta zimepangwa mlangoni, kapiga picha, saa moja asubuhi naamka nakuta sauti ya dakika sita watsapp, mtu mzima analia kabisa kwamba namnyang'anya riziki.

Mpwa wangu kanishauri tuandike upya mikataba yote kwa postikodi. Kila kata ina namba yake, mpaka unajulikana, hakuna cha jirani. Mi naona imekaa vizuri. Kuna aliyewahi kufanya hivi anipe uzoefu?

#2 Kipanga_wa_Tabata
Fanya hivyo mkuu, hutajuta. Postikodi ni tarakimu tano, huwezi kubishana na namba. Jina la mtaa kila mtu ana lake, mwingine Mwenge yake inafika mpaka Lugalo.

#3 fundi_ramani
Mkuu wazo si baya ila kwanza ujue unachokinunua. Namba ya kwanza ni kanda, mbili za kwanza mkoa, tatu za kwanza wilaya, mbili za mwisho ndo kata. Arusha 23, Mwanza 33, Dodoma 41, Mbeya 53. Kwa hiyo postikodi ya Tanzania mwisho wa siku ni KATA iliyovalishwa namba. Ukimwandikia wakala postikodi umemwandikia kata, basi. Kama kata ndo kipimo sahihi cha soko lako, sawa. Kama sio, namba haitakusaidia.

#4 Kipanga_wa_Tabata
#3 mbona Dar sio hivyo? Dar kuna 11, 12, 14, 15 na mkoa ni mmoja.

#5 fundi_ramani
Uko sahihi, nilifupisha sana. Kwa Dar namba ya pili inakutajia wilaya. Ilala ina 11 na 12, Kinondoni 14, Temeke 15, Ubungo 16, Kigamboni 17. Asante kwa kunisahihisha.

Na hapohapo kuna kitu MuuzaMaji akiangalie. Sinza zamani ilikuwa Kinondoni. Ubungo ilipokuja kukatwa kuwa wilaya 2016 Sinza ikaenda Ubungo, kwa hiyo leo Sinza inaanza na 16, na Mwenge iliyo kata ya Kijitonyama imebaki 14. Mtu aliyeandika mkataba 2014 kwa namba za Kinondoni, leo akifungua orodha mpya nusu ya eneo lake halioni.

#6 Mama_Jumla
Hapo fundi umenigusa. Mi nilikuwa wakala wa bidhaa za usafi (kampuni siitaji) kwenye mkoa uliokuja kugawanywa. Mkataba ulisema mkoa mzima ni wangu. Mkoa ulipogawanywa wakaniambia mkoa wako ni huu uliobaki na jina, ule mpya tunatafuta mtu. Wateja niliowatafuta mwenyewe kwa gari la kukodi, barabara ya vumbi, miaka mitatu, wakapewa mtu ambaye hakuwahi hata kufika kule. Nikapeleka mkataba kwa wakili akaniambia mama neno ni moja tu, "mkoa", na mkoa ndo huu. Sijasahau mpaka leo.

#7 MuuzaMaji
Pole sana dada Mama_Jumla. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa.

#8 Mwanyanje
Huku kwetu tuliona Mbeya ilipozaa Songwe 2016. Mbeya ikabaki 53, Songwe wakapewa 54, Rukwa tayari walikuwa 55. Ukiangalia mikoa ya zamani mingi imepewa namba witiri, 21 Tanga, 23 Arusha, 25 Kilimanjaro, 27 Manyara, namba za katikati zikabaki wazi. Kwa hiyo mpango wenyewe una nafasi ya mikoa kuzaliwa. Anayeandika mkataba naye aache nafasi kama hiyo.

#9 Nai_Hasla
Wakuu salamu kutoka Nairobi. Kitu moja msishike vibaya, hii yenu ya postikodi kuwa kata ni bahati mnayo. Huku kwetu namba ni ya posta, si ya mahali unaishi. 00100 ni GPO (posta kuu), 00200 ni City Square, 00800 Westlands. Mimi naishi Rongai, ya Rongai ni 00511, lakini sanduku langu la barua liko City Square tangu nikiwa kwa kazi ya tauni, kwa hivyo kila fomu naandika 00200. Majirani wangu kwa ploti ni hivyo hivyo, kila mtu na namba ya mahali alipatia sanduku.

Sasa kuna jamaa alikuwa anagawa maeneo ya kuuza gesi, akachukua orodha ya wateja kwa kompyuta, akapanga kwa hizo namba. Alipata ati karibu wateja wote wako katikati ya jiji! Akaweka mawakala wawili tauni, na huku Rongai, Kitengela na Ruiru hakuweka mtu. Mitungi ikawa inabebwa na boda kutoka tauni mpaka Rongai, jam ya Langata unaijua. Faida yote iliishia kwa mafuta ya pikipiki.

#10 Ruwi_Boy
Hata hapa Muscat ni hivyo hivyo. Ruwi 112, namba ya posta na sanduku lake. Mtu anakaa Seeb huko anaandika 112 kwa sababu ofisi yake ina boksi Ruwi. Ukitaka kumfikia unampigia simu akutumie lokesheni.

#11 Kipanga_wa_Tabata
Kumbe sisi tumebarikiwa 😄 Nai_Hasla na nyinyi mje mgawiwe kata.

#12 Nai_Hasla
Wadi tunazo boss, 1,450 nchi nzima. Ni vile hazina namba ya posta. Ningekuwa mimi ningegawa kwa wadi nikasahau posta kabisa.

#13 Mbongo_Ohio
Mada yangu hii. Niko Columbus, Ohio, nina franchaizi ya kusafisha nyumba, mwaka wa tano huu. Huku Marekani franchaizi nyingi za huduma za nyumbani zinagawa eneo kwa ZIP, yaani postikodi ya huku. Kabla hujalipa hata senti unapewa kitabu kinene cha maelezo, sheria ya shirikisho inataka hivyo, na ndani yake kipengele cha 12 kinahusu eneo tu: unapewa eneo la peke yako au la, na kampuni yenyewe inaruhusiwa kuuza humo kwa njia nyingine au hairuhusiwi. Kisha nyuma ya mkataba kuna karatasi ya ZIP zako, zangu ziko kumi na moja.

Nilichojifunza kwa maumivu. ZIP ilianzishwa 1963 kwa ajili ya kupanga njia za watu wa posta. Ni orodha ya anuani ambazo barua zake zinapita kituo kimoja, watu wengine ndo wanakuja kuizungushia mstari kwenye ramani ili ionekane kama eneo. Ofisi ya sensa walipotaka takwimu za watu kwa ZIP ilibidi mwaka 2000 watengeneze maeneo yao ya kukadiria, na hayo hayalingani na ZIP ya posta nyumba kwa nyumba. Sasa mimi nilinunua eneo kwa idadi ya kaya iliyotoka kwenye makadirio, ila mteja akipiga simu mfumo unasoma ZIP ya posta. Kuna mtaa mmoja mpya, nyumba nzuri kweli, kwenye ramani ya mauzo uko ndani ya rangi yangu, wateja wakipiga simu mfumo unawapeleka kwa mwenzangu. Nimebishana na makao makuu miezi minne.

Halafu kuna ZIP ambazo ni jengo moja tu. Empire State kule New York lina yake, 10118. Kuna nyingine za masanduku ya posta matupu, hakuna hata nyumba. Ukihesabu ZIP kama unahesabu mashamba utalia.

#14 fundi_ramani
#13 shukrani, hii ndo tofauti niliyotaka watu waione. ZIP ni njia ya barua, ya Kenya ni dirisha la posta, ya kwetu ni mpaka wa utawala. Jina moja la postikodi, vitu vitatu mbalimbali.

#15 dada_Reading
Hamjambo. Uingereza ni kitu cha nne. Hapa postikodi moja kamili ni kama nyumba 15 tu, ziko zaidi ya milioni 1.7. Walianza majaribio Norwich 1959 wakamaliza nchi nzima 1974. Uzuri wake inavunjika vipande: RG ni Reading na pembeni zake, RG1 ni katikati ya mji, ukiongeza tarakimu moja unapata kipande kidogo zaidi, na herufi mbili za mwisho zinakufikisha kwenye mtaa wenyewe.

Mimi nafanya huduma ya kutunza wazee majumbani, franchaizi pia. Tumegawiwa kwa vipande vya kati na kila kipande kimeandikwa idadi ya watu wa miaka 65 kwenda juu. Kwa hiyo mwenye vipande vitano anaweza kuwa na wazee sawa na mwenye vipande kumi na mbili. Hapo ndo nataka MuuzaMaji atulie. Namba ikuonyeshe mpaka uko wapi, ila bei ya eneo ipangwe kwa walio ndani. Kata ya Kivukoni na kata ya Chanika ni kata moja moja kwenye orodha. Wewe ungewauzia mawakala kwa ada sawa?

#16 Kipanga_wa_Tabata
Chanika ina watu wengi zaidi, anayepewa Chanika alipe zaidi.

#17 Mama_Jumla
Hapana mdogo wangu. Kivukoni wanaolala ni wachache lakini mchana maofisi yote yale! Nani anakunywa maji ya dispensa? Ofisi. Chanika wengi wanachemsha yao au wananunua ya ndoo. Ukigawa kwa idadi ya watu ya sensa utampa wa Chanika mzigo wa ada na wateja hana. Na Kariakoo je? Usiku paa tupu, mchana hupati pa kukanyaga.

#18 dada_Reading
Kweli dada, nimekubali. Kwangu wazee wanakaa nyumbani mchana na usiku ndo maana hesabu ya sensa inanifaa. Kwenye maji hesabu ofisi, shule, saluni, zahanati.

#19 jirani_wa_guta
Mimi ni kijana wa guta, nasukuma maji Kimara huku, sio ya mleta mada. Wazee mnaongea namba tu, hamjaongelea barabara. Kata nyingi mpaka wake ni barabara au mto. Sasa wateja wote wazuri wako barabarani, pande zote mbili! Bosi anakuambia upande ule sio wetu. Unaegesha guta, mama wa duka la ng'ambo anakupungia mkono, "we kijana, niletee mbili", unamjibu nini? Ukimwambia sio kata yako anakuona umerukwa na akili. Mi nampelekea. Na kinyume chake, ndani ya kata hiyohiyo kuna sehemu ya bondeni ambayo guta likishuka na chupa kumi na mbili halipandi. Hiyo kwenye mkataba ni yetu ila hatujawahi kufika.

#20 MuuzaMaji
Mdogo wangu umesema kitu kikubwa kuliko wote humu, na sisemi kukufurahisha. Kwa hiyo unashauri mpaka upite wapi?

#21 jirani_wa_guta
Katikati ya nyumba, nyuma kule kusikokuwa na biashara. Barabara kubwa apewe mtu mmoja pande zote mbili. Kama barabara haivukiki kama hii Morogoro Road yenye mwendokasi katikati, hapo sawa gawa, maana hata mimi kuvuka na guta ni kutafuta kifo.

#22 fundi_ramani
Kwenye fani ya ramani huyu kijana kagusa penyewe. Posta na serikali wanapenda mpaka upite barabarani kwa sababu unaonekana. Mfanyabiashara barabara ndo sehemu yake nono. Hata hivyo bado nasema anzia kata, maana takwimu zote zipo kwa kata, halafu andika nyongeza: "isipokuwa nyumba zinazotazama barabara fulani".

#23 Mbongo_Ohio
Naomba nipinge hapo. Ukianza na isipokuwa moja, mwaka ujao zitakuwa kumi. Chora mstari wako kwenye ramani, uchapishe, weka tarehe, wote watie saini juu ya ramani yenyewe. Postikodi iwe ya kutafutia tu. Ningepata hiyo nisingebishana miezi minne.

#24 Mama_Jumla
Ramani nani ataisoma? Wakala wangu mmoja kule nilikokuwa alikuwa hasomi ramani ila kata zake anazijua mpaka jina la mjumbe wa kila shina. Namba na jina la kata linasemeka kwenye simu. Mstari hausemeki.

#25 wakili_mdogo
Nimesoma wote. Mnapigana na mpaka, mimi naona tatizo ni neno. MuuzaMaji, mkataba wako unasema wakala HARUHUSIWI kufanya nini nje ya eneo? Kumkataza kufungua frem, kubandika matangazo na kutuma vijana kutafuta wateja kwa mwenzake ni jambo moja. Kumkataza asimuuzie mteja aliyepiga simu mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Umoja wa Ulaya kwenye kanuni yao ya 2022 wanatenganisha hayo mawili, la kwanza linaweza kukatazwa kwenye eneo la peke yake, la pili kwa kawaida haligusiki. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, kwa hiyo kabla hujaandika "ni marufuku kabisa kuuza nje ya kata" mtafute wakili akusomee. Ile ofisi ya chupa nane, nani alimpigia nani?

#26 MuuzaMaji
Wakili sijui. Kila mmoja anasema ofisi ndo ilimtafuta yeye.

#27 Mwanyanje
Basi hiyo sio ishu ya mpaka wala ya neno, hiyo ofisi inataka bei. Iliita wawili ishushiwe. Mi nimeuza soda za jumla miaka kumi, mteja mjanja anajua mawakala wanagombana kabla bosi hajajua. Weka bei moja kote uone kama watavuka tena.

#28 Kipanga_wa_Tabata
Mwanyanje umemaliza.

#29 wakili_mdogo
Hajamaliza. Kupangia watu bei moja ya kuuzia nako kuna sheria yake, mkuu asikurupuke.

#30 Nai_Hasla
Kwani hamuwezi gawa na pini ya ramani? Mteja anatuma lokesheni, wakala aliye karibu anapeleka. Hakuna kata hakuna nini.

#31 jirani_wa_guta
Kaka karibu kwa mstari au kwa njia? Kuna mteja namuona kwa macho ng'ambo ya mto, kumfikia ni kilomita tatu kuzunguka.

#32 Mbongo_Ohio
Na kwa pini hakuna atakayekubali kulipa ada ya eneo, maana eneo halipo. Mimi nililipia ulinzi. Ukiniambia kila simu inakwenda kwa aliye karibu, mwenzangu akihamisha ofisi yake mita mia mbili kuja upande wangu amenila.

#33 Ruwi_Boy
Nje ya mada kidogo, MuuzaMaji hiyo mashine ya kuchuja ni ya uwezo gani, na Zanzibar mnaleta? Postikodi ya kwetu inaanza na 7 🙂

#34 MuuzaMaji
Ruwi_Boy njoo inboksi, Zanzibar naitamani ila sina mtu.

Wadau narudi na mrejesho. Nimefuata fikra za fundi, za kijana wa guta na za wakili kwa pamoja. Jana nimewachukua wote wawili, wa Sinza na wa Mwenge, tukatembea kwa miguu tangu saa mbili asubuhi. Tukapita ofisi ya mtendaji wa kata akatuonyesha mpaka wake unapopita, mzee mwema sana, kaacha chai yake kaja nasi mpaka kona ya kwanza. Kila tulipofika nikafungua NaPA, ile programu ya serikali ya anuani za makazi, kwenye simu tunasoma anuani ya nyumba. Nilichokiona ni kwamba vibanda viwili vimepakana ukuta, wenye navyo wote wanasema wako Sinza, kimoja namba inaanza na 16 kingine 14.

Tukafika kwenye ile ofisi ya chupa nane. Siku zote sote tunaiita Sinza, hata bango lao limeandikwa Sinza. NaPA ikasoma 14. Kata ya Kijitonyama. Yaani kwa postikodi wa Mwenge alikuwa kwake.

Wa Sinza hakusema neno. Alikaa kwenye ngazi, akatoa daftari lake la mauzo, akanionyesha: ofisi ile anaipelekea maji toka Machi 2021, kila Jumatatu, hakuna wiki aliyoruka, hata ile wiki mke wake amejifungua. Akaniuliza, "Bosi, hii namba ilikuwa wapi siku ile naleta chupa ya kwanza?" Sikuwa na jibu.

#35 Mama_Jumla
Mwachie mteja wake. Nakuomba.

#36 fundi_ramani
Andika kwenye mkataba: mipaka ni ya postikodi kama ilivyo tarehe ya kusaini, na wateja wa zamani wabaki kwa aliyewapata, majina yao yaorodheshwe nyuma.

#37 Mbongo_Ohio
Na wa Mwenge atalipia kata ambayo mteja wake mkubwa sio wake? Mpunguzie ada basi.

#38 MuuzaMaji
Ndo hilo alilosema hata yeye. Anataka nimpunguzie, au nimpe barabara ya Shekilango upande mmoja. Wa Sinza hataki kusikia Shekilango ikitajwa. Nimewaita tena Jumamosi frem kwangu, na nimeomba kijana wa guta wa kila mmoja naye aje akae mezani. Zile chupa nane bado ziko mlangoni pa ile ofisi, tupu sasa, hakuna anayetaka kuzigusa.